Viatu Vyeupe vya Dorcas

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Natangaza rasmi, kwa dunia nzima na hasa kwa Nurdin wa kibanda cha pili, kwamba leo saa nne na dakika kumi asubuhi, mimi Luhaga mwana wa Chenge, fundi viatu wa Kirumba kwa miaka ishirini na sita, nimeacha kutumia penseli. Tangazo limekwisha. Wananchi waendelee na shughuli zao.

Kompyuta imefika! Ilikuwa ya Shamsia, mwenye duka la kupiga chapa na kurudufu, ambaye amepata mpya. Imekuja kwa mkokoteni, mimi nikiishikilia ubavuni kama mtu anayesindikiza jeneza. Kioo kina ufa pembeni. Mashine ya kuchapa inalia kama mbuzi. Ni zangu zote mbili.

Sababu nitaieleza kwa ufupi, mgongo unauma. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, mitumba inashuka sokoni kwa marobota. Kijana anavaa kiatu cha Mzungu kwa bei ya sahani ya wali na samaki. Sisi mafundi tumebaki kubandika soli na kuzungumzia mvua. Lakini mtumba una dosari moja: ulitengenezwa kwa mguu wa mtu mwingine. Mimi nitachora kiatu cha mguu wako wewe, kwenye kioo, ukiwa umekaa hapo. Utaona rangi, utaona kisigino, utasema ongeza au punguza. Kisha mashine inatoa karatasi na mimi nakata ngozi kwa kuifuata. Kibao kipya kimeshapakwa rangi: LUHAGA – VIATU KWA KOMPYUTA.

Nurdin alikuja kukagua. Alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma, kama bwana mifugo. Akauliza kama inapaka gundi. Nikasema hapana. Akauliza kama inapiga misumari. Nikasema hapana. Akasema basi inafanana na shemeji yake, akarudi kibandani kwake.

Wivu. Nauandika hapa ili historia iujue.

Jumatano, 3 Septemba

Mteja wa kwanza wa kompyuta! Na si mgeni. Ni Dorcas, mwalimu wa chekechea, jirani yetu kule Kiseke.

Namjua tangu ana miaka sita, mama yake alipomleta kwangu mgongoni. Polio ilimpitia akiwa mdogo na mguu wa kulia ukabaki nyuma. Leo ni mfupi kuliko wa kushoto kwa inchi mbili na kitu. Hicho kitu ndicho kazi yenyewe. Miaka kumi na minane namtengenezea buti nyeusi, ya kulia ina soli nene kama tofali. Kila mwaka nabandika kipande kipya cha ngozi kwenye kalibu yake, yaani ule mguu wa mbao tunaouvalisha kiatu wakati wa kukishona. Kalibu ya Dorcas ina vipande kumi na saba. Jina lake nimelichoma ubavuni kwa msumari wa moto.

Anaolewa. Jumamosi ya tarehe 13, hapa hapa mjini. Bwana harusi ni Nestory, mwalimu wa Nansio kule Ukerewe, mtu mpole ambaye hajali fimbo anayotembelea Dorcas wala buti. Anayejali ni mama yake, Mama Odeta. Kwenye kikao cha mahari alisema mbele ya watu kwamba kwake Ukerewe maji yanatekwa ziwani, njia ina mawe, na yeye hajawahi kumwona mtu wa fimbo akijitwisha ndoo. Akasema atakuja harusini aone kwa macho yake. Asiporidhika atapanda meli na ukoo wake wote, na Nestory achague pa kukaa.

Dorcas haombi makubwa. Anataka kutembea kutoka mlango wa kanisa hadi altareni bila fimbo, mkononi maua tu. Na viatu vyeupe vinavyofanana, kama vya bibi harusi yeyote. Aliniamkia shikamoo, akakaa, akavua buti, akasema, "Fundi, inawezekana?"

Nilijibu kabla hajamaliza swali.

Ijumaa, 5 Septemba

Ubunifu! Sijalala vizuri kwa furaha.

Zamani, ujana wetu, tulivaa laizoni. Soli nene mbele na nyuma, mtu unatembea kama umesimama kwenye stuli mbili. Basi viatu vya Dorcas vitakuwa laizoni nyeupe. Kwa nje mapacha. Ila soli ya kushoto nitaichimba kwa ndani, mguu unazama kama mtu aliyekaa kwenye mtumbwi. Ya kulia haichimbwi, mguu unakaa juu kabisa. Nje sawa, ndani tofauti. Miguu inakutana usawa mmoja na Mama Odeta hajui lolote. Soli nitachonga kwa mti wa msufi, mwepesi, hata ukianguka ziwani unaelea.

Vipimo vyote nimevitoa kwenye kalibu nikaviingiza kwenye mashine. Shamsia alisimama nyuma yangu saa tatu nzima. Ni binti mvumilivu. Mara mbili tu alitoka nje kupumua.

Jioni Dorcas alikuja, akaviona viatu vyake vinang'aa kwenye kioo. Alivigusa kwa ncha ya kidole. Kisha akauliza, taratibu, kama inawezekana kuweka ua dogo pembeni. Nikaweka. Nikaongeza la pili bila kuombwa. Hiyo ndiyo kazi ya kisasa: mteja anaonyesha, mashine inatii.

Nurdin alichungulia mlangoni. Akasema ni vizuri, sasa avivue humo kwenye kioo avivae. Mtu wa kalibu hawezi kuelewa.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nimezistaafisha kalibu. Meza ya mashine imemaliza kibanda, na gunia la miguu ya mbao arobaini na mbili linatisha wateja. Nimelibeba hadi Kiseke. Mkaa umepanda bei. Suzana, mke wangu, mwanamke mwenye akili ya nyumba, mwenyewe amezitia jikoni. Maharage yameiva haraka ajabu.

Nurdin alisikia. Hakutania. Aliuliza kama na ya yule binti imo. Nikamwambia ya yule binti imo ndani ya mashine, haiozi, hailiwi na mchwa. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu.

Jumanne, 9 Septemba

Balaa.

Saa tano umeme ulikatika. Mgao wa leo haukuwa wetu, ulikuwa wa mtaa wa pili. Inaelekea aliyezima hakuangalia ratiba. Mashine ilitoa mguno wa mtu aliyekanyagwa, kioo kikawa cheusi. Umeme ulirudi saa kumi. Kioo kikawaka. Viatu havikuwepo.

Nilimkimbilia Shamsia. Aliuliza kama nilihifadhi kwenye diski. Diski nilikuwa nimeiwekea kikombe cha chai. Alifumba macho kidogo, kisha akasema mzee, nilikwambia siku ya kwanza, nikakwambia na siku ya pili. Ni kweli alisema. Nilidhani anasisitiza usafi.

Vipimo vimekwenda. Na kalibu tumeila na maharage.

Zimebaki siku nne. Ningeweza kumwita Dorcas nimpime upya, asimame pale kwenye karatasi, nipitishe uzi, nusu saa imekwisha. Lakini kumwita ni kumwambia. Na kibao changu kipo nje, kinasomeka hadi stendi. Nimetafuta njia yenye heshima.

Nimeipata! Mguu wa kushoto hauna shida, ni namba saba, naujua hata nikiwa nimefumba macho. Nimeuchora upya. Na Shamsia aliwahi kunionyesha amri moja: ukishachora kiatu kimoja unabonyeza, mashine inakigeuza na kukupa cha upande wa pili. Sekunde tatu! Miaka ishirini na sita nimeshona viatu viwili viwili kama mjinga.

Nilibonyeza. Cha kulia kikatokea, na maua yake mawili. Vizuri mno. Nikavihifadhi kwenye diski mara nne.

Alhamisi, 11 Septemba

Soli zimechongwa kwa kufuata karatasi, milimita kwa milimita. Ngozi nyeupe imekaa kama ilizaliwa hapo. Kuna kasoro ndogo. Mashine imegeuza kila kitu, pamoja na shimo. Soli zote mbili zimechimbwa. Vinafanana nje na vinafanana ndani. Vingemfaa sana mtu asiye na tatizo lolote.

Niliona saa tatu asubuhi, baada ya kubandika. Kuchonga soli nyingine ni siku nzima, na ichongwe kwa kimo gani? Inchi mbili na kitu. Hicho kitu sikumbuki.

Nurdin akaingia bila hodi. Aliinua viatu, akatia mkono ndani ya kimoja, akatia ndani ya kingine. Akavirudisha mezani taratibu.

"Ngosha," akasema, kama wanavyotuita sisi wanaume wa Kisukuma, "mlete binti leo. Nina uzi, nina mbao kavu, nina siku mbili. Sitamwambia mtu. Kiatu kitatoka kwenye kibanda chako."

Nilimwambia kompyuta ina utaratibu wake. Akaitikia kwa kichwa. Alifunga kibanda mapema, jambo ambalo hafanyi hata siku ya sikukuu.

Saa nane nikapata suluhisho. Sponji! Nimekata kipande kwenye godoro letu, upande wa Suzana kwa kuwa ndio mzima. Tabaka nne, gundi, juu ngozi laini. Shimo la kulia limejaa. Mguu utakaa juu. Tena una raha kuliko mbao. Hata Wazungu wanaweka sponji kwenye viatu, nimeiona kwenye mitumba.

Ijumaa, 12 Septemba

Dorcas amekuja kujaribu. Alivaa, akaegemeza fimbo mlangoni, akasimama. Akatembea kutoka meza hadi mlango. Hatua sita! Akageuka akarudi. Hatua sita! Alicheka huku machozi yanamtoka, akasema ameota jambo hili tangu darasa la kwanza, walipokuwa wakimwita mkokoteni.

Nilisimama pale na gundi vidoleni na nikajiona mtu mkubwa.

Aliuliza swali moja tu, kwa nini cha kulia kinabonyea kidogo. Nikamwambia kiatu kipya kinatafuta mguu, kesho kitakuwa kimeuzoea.

Suzana ameuliza shimo la kwenye godoro limetokana na nini. Nimesema panya.

Jumamosi, 13 Septemba

Sitaandika leo.

Jumapili, 14 Septemba

Kwa faida ya kumbukumbu sahihi, naandika yafuatayo.

Sakafu ya kanisa ilikuwa imepigwa nta. Kwaya iliimba haraka kuliko inavyofaa kwa bibi harusi. Shada lilikuwa kubwa mno kwa mtu mwenye mikono myembamba. Mama Odeta alikaa mwanzoni kabisa mwa benchi, amegeuza shingo, akimtazama miguu tu, na mtu yeyote akitazamwa vile lazima ayumbe. Mimi nilikuwa benchi la nane.

Dorcas alianguka. Alianguka upande wa kulia, kwenye pembe ya benchi. Nyonga imevunjika. Yuko hospitali.

Mama Odeta alisimama, akafunga kitenge chake vizuri, akawatoa watu wake nje. Walipanda meli ya mchana. Nestory hakupanda.

Naomba ieleweke kwamba viatu havikuharibika. Hata ua moja halikubanduka.

Alhamisi, 18 Septemba

Suzana amekataa kulala chumbani. Analala kwa binti yetu Ng'washi. Anasema si kwa sababu ya godoro.

Leo nimekwenda hospitali. Ni mara ya kwanza. Jumatatu nilifika getini nikakumbuka nina shughuli. Jumanne vivyo hivyo. Leo Nurdin alifunga kibanda, akanishika mkono kama mtu anayempeleka mzee kliniki, tukaenda wote. Njia nzima hakuuachia mkono wangu. Ningefurahi kama angenitania.

Dorcas amelazwa chali, mguu umefungwa kamba na uzito unaning'inia mwisho wa kitanda. Nestory amekaa kwenye kigoda, hajanyoa tangu siku ya harusi ambayo haikukamilika. Mama yake ametuma salamu kwa watu wa meli: mwaka wa shule unaendelea, na mlango wa nyumba unajulikana. Hajajibu. Nilipoingia alisimama, akaniamkia, akanipisha kigoda. Angenipiga ngumi ningeshukuru.

Daktari amewaambia mfupa utaunga, lakini mguu utapungua tena. Hajui kwa kiasi gani.

Dorcas hakuuliza habari ya viatu vyeupe. Aliuliza nyumbani hawajambo. Aliuliza kazi. Kisha akasema, "Fundi, zile buti nyeusi zinanitosha. Kalibu yangu ipo, si ndiyo? Utaongeza tu kipande."

"Ipo," nilisema.

Nurdin alikuwa dirishani. Alitoka nje.

Basi. Daftari hili halisomwi na mtu, na hata likisomwa, aibu nimeshazimaliza. Nitaandika ilivyokuwa.

Kanisa halikupigwa nta. Sakafu ni saruji, tena ina nyufa. Kwaya iliimba polepole kama inavyoimba siku zote. Alipoingia mlangoni alitembea vizuri. Hatua kumi za kwanza nilizihesabu. Watu walianza vigelegele, na hata Mama Odeta aliinua mkono kutaka kupiga makofi, nilimwona. Hatua ya kumi na moja bega la kulia likashuka. Ya kumi na mbili likashuka zaidi. Ile sponji ilikuwa inalala chini. Pale kibandani alitembea hatua sita, akapumzika, akatembea sita, na sponji ikapata muda wa kuinuka. Kanisani hakuna kupumzika. Niliona. Nilijua kinachotokea kabla yake. Kati yangu na yeye palikuwa na mabenchi matatu. Ningesema neno moja, angeshika benchi, angekaa. Lakini ningesema mimi ni nani, na kwa nini najua? Nikanyamaza. Nilikuwa nawaza labda itafika. Zilikuwa zimebaki kama hatua nane.

Alipoanguka hakupiga kelele. Alishika shada juu, lisichafuke.

Alhamisi ile Nurdin alinipa njia na nikaikataa kwa sababu ya kibao. Si kwa sababu nyingine. Ijumaa Dorcas aliniuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa nini kinabonyea. Nilikuwa na nusu siku nzima na fundi aliye tayari hatua tano kutoka hapo nilipokuwa nimesimama.

Na habari ya kalibu. Niliandika kwamba Suzana alizitia jikoni mwenyewe. Alitia arobaini na moja. Ya arobaini na mbili aliigeuza, akasoma jina, akaiweka pembeni juu ya kinu. Akasema, "Baba Ng'washi, hii ina jina la mtu." Mimi ndiye niliyeichukua juu ya kinu. Nilitaka aone kwamba nina msimamo. Iliwaka taratibu kuliko zote, kwa sababu ya zile ngozi. Vipande kumi na saba. Ilinuka nyumba nzima hadi usiku.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nimerudi kibandani saa kumi. Juu ya meza nimekuta gogo la mvule, kavu, limekatwa kwa urefu wa mguu, na kitanzi cha uzi wa kupimia kimefungwa juu yake. Nurdin ameweka akaondoka. Anataka nianze upya kwa panga na patasi, niende pale kitandani na uzi. Nimekaa nikalitazama. Ni gogo zuri. Limetosha kabisa chini ya mguu wa meza ule mfupi, na sasa kompyuta haitikisiki.

Maana nimefikiri njia nzima kutoka hospitali. Dorcas anahitaji kalibu, na kalibu ni umbo, na umbo ndiyo kazi ya mashine. Nimemwomba Shamsia aje kesho na diski mpya, mbili, moja ya akiba. Tutaichora upya kalibu yenyewe kwenye kioo, kwa kumbukumbu, na karatasi itatoka, na nitachonga kwa kuifuata. Akitoka hospitali atakuta iko tayari, wala hatajua kwamba ilipotea. Sina haja ya kumsumbua na vipimo, mguu wenyewe umefungwa kamba. Wa kushoto ni namba saba, naujua hata nikiwa nimefumba macho.

Nitauchora huo tu. Wa kulia mashine itageuza.